Nne Nini?

Ithungu alileta ziwa darasani
ndani ya chupa ya soda iliyochunwa lebo.
"Haya ni ya shimo la mama, kule Katwe.
Pima, mwalimu."

Mizani yetu ni moja, na mguu wake mmoja mfupi
tumeuegemeza kwa kadi ya simu iliyokwisha.
Nikafyonza mililita kumi kwa pipeti:
gramu kumi na moja nukta saba.
Kibakuli, moto mdogo,
na kidato cha tatu kizima kikanyamaza
kikisikiliza maji yakikata roho.

Kilichobaki kilikunjamana
kama utando wa maziwa.
Gramu mbili nukta tatu nne.

Chumvi ni ile ile, nikawaambia,
tunachobadilisha ni swali.
Katika gramu mia za maji haya, chumvi ni ngapi?
Ishirini. Hiyo ndiyo asilimia.
Lita moja je, imebeba nini mgongoni?
Gramu mia mbili thelathini na nne.
Na ukitaka idadi ya chembe
usizihesabu, utazeeka;
gawa gramu hizo kwa hamsini na nane nukta tano
na jibu litatoka zima, bila mkia wa desimali.

"Nne!" Baluku akapaza sauti kutoka nyuma,
nami nikamrukia, kama kawaida yangu:
Nne nini? Mbuzi? Magunia?
Namba isiyo na kizio ni mtu asiye na kwao.
"Moli kwa lita," akasema, akiangalia viatu.

(Sikuwaambia siku ile
kwamba chumvi ya Katwe haikai peke yake,
ina magadi ndani, ina salfeti, ina tope;
kwamba ile hamsini na nane nukta tano
ilikuwa adabu tu.)

Jumapili ya wazazi akaja Mbambu, mama yake.
Miguuni, chini kidogo ya magoti,
mstari mweupe ulionyesha maji yanapofika
kama alama ya silinda ya kupimia.
Binti akamfunulia daftari, akamsomea kwa Lukonzo,
gramu, lita, kugawanya, mpaka chini kabisa
kwenye jibu lililopigiwa mistari miwili.

Mama akaweka kidole juu yake.
"Nne nini?"

Ithungu akanitazama. Mimi nikatazama ubao.
Nimezaliwa Soroti; Lukonzo changu kinaishia sokoni.
Nikaanza kwa Kiswahili: ni kama dazeni, mama,
ila kubwa, kubwa mno...
"Dazeni naijua," akasema.

Kisha akanieleza yake, bila haraka.
Yakiuma kwenye mkwaruzo tu, bado.
Yakiuma pasipo na jeraha, yamekaribia.
Siku ya kuvuna miguu haisikii kitu,
kinachouma ni kichwa.
Na mvua ya usiku mmoja
hurudisha kila kitu mwanzo,
karo ikiwemo.

Nilitaka kumuuliza, hapo pa kichwa
ni asilimia ngapi,
lakini nilikuwa nimeshika chaki kama mgeni aliyeshika kikombe
asijue pa kukiweka.

Ithungu alikuwa ameshafungua ukurasa mpya.
Alichora mguu. Kando ya goti
akaweka alama ya kuuliza,
na mbele yake, kama nilivyomfunza,
akaacha nafasi ya kizio.