Siku ya Maji

Wiki ya kwanza niliandika, kwa kalamu mpya:
"Mteja hana ushirikiano."
Bi. Kathini aliisoma fomu yangu polepole,
akavua miwani, akauliza tu:
"Ulipobisha, alikuwa akifanya nini?"

Sikujua. Macho yangu yalikuwa kwenye maswali,
arobaini na mawili, yamejipanga kama askari gwarideni.

Nikarudi Mukuru.
Jirani akanicheka: Mwanangu, ulikuja Jumanne!
Jumanne ndiyo siku ya bomba,
saa tatu mpaka saa tano, basi.
Nani akusimulie habari za mumewe
na mitungi sita bado mitupu?

Jumanne iliyofuata fomu ilibaki mkobani.
Nikapanga foleni nyuma ya Kwamboka,
mtungi wa manjano, umezibwa kwa karatasi ya nailoni.
Hatukuzungumza. Viatu vyangu vya ofisini vikalowa.
Kwenye mtungi wa nne, amenipa kisogo,
akasema: "Huyu mdogo hajaenda shule tangu Machi."

Swali la kumi na saba, hilo.
Sikuliandika.

Jioni, kwenye daftari la nyanjani,
pale chuo kinapouliza nimetumia nadharia gani,
nilijaza: masaa mawili, foleni ya maji.
Bi. Kathini akatia sahihi.
Pambizoni akaongeza: Mabega vipi?