Kiganja cha Kulia

Chumba cha nyuma, kliniki ya ngozi, Soroti.
Madirisha yamefungwa, feni imezimwa,
maana upepo, asema Okurut, huidanganya mashine.
Nikae dakika ishirini bila kufanya lolote.
Nisiguse simu. Nisinywe chai. Nisiwaze.
Hilo la mwisho ameliongeza mwenyewe, akacheka.

Mimi ni fundi wa gomesi.
Nimepima viuno vya nusu ya mji huu,
namjua kila anayevuta tumbo ndani futi ikimzunguka.
Leo niko mimi kwenye benchi, mikono juu ya mapaja,
navuta ndani kitu kisicho na misuli.

Satini haisamehe.
Tone moja, na nguo ya bibi harusi ina ramani
ya nchi ambayo hakuna aliyeomba kuizuru.
Ndiyo maana nashona na taulo begani,
poda kwenye kisahani, karatasi chini ya kila kiganja.
Kanisani tukiambiwa tupeane amani
mimi hutoa kifundo cha mkono,
kama mtu aliyekatizwa katikati ya atap.
Kwenye ofisi ya vitambulisho mashine ilivikataa vidole vyangu mara nne.
"Futa," karani akasema. Nikafuta.
"Futa tena."
Mama, unakifutaje kisima?

Dakika ishirini zimekwisha.
Kipimo chenyewe ni kidogo,
kama roli iliyokwisha uzi, wazi pande zote mbili.
Anakisimamisha kwenye kigasha changu. Tunangoja.
Namba zinapanda, zinashuka, zinakaa: nane.

"Nane ya nini?"
"Gramu. Kwa mita mraba, kwa saa."
"Lakini hapo sijatoka jasho."
"Si jasho. Jasho lina mlango wake.
Haya ni maji yanayopenya ukutani,
usiku na mchana, bila hodi."

Akajiwekea na yeye, anionyeshe.
Tisa.
Ananizidi kuvuja, bwana huyu
mwenye shati lililopigwa pasi likakubali!
"Kila mtu?"
"Kila mtu."
"Hata padri?"
"Padri sijampima."

Kisha akaniambia nigeuze mkono.
Nilijua kitakachotokea; nikijua tu, hutokea.
Arobaini na moja. Sitini na tatu.
Nje mwanamke anatangaza machungwa
kwa sauti ya mtu ambaye hajawahi kuwa na haraka.
Themanini na nane.
"Hapa," Okurut akanong'ona, "mashine haijui tena
ukuta ni upi, mlango ni upi. Inajumlisha."
Tukangoja zaidi. Namba haikutulia.
Yeye ndiye aliyechoka, akaandika: tisini na sita.

Miaka thelathini na mmoja nimeambiwa mengi.
Kwamba nina woga. Kwamba nina siri.
Kwamba mkono kama huu umetoka kuiba,
au unakaribia.
Shangazi aliupisha mrija wa ajono mbele yangu
ukaenda kwa jirani, ukiwa mkavu, ukiwa na adabu zake.
Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia kiasi.

Sikulia. Kama nililia,
hayo nayo mjumlishe.

Fomu ya kutia sahihi ililetwa.
Kabla sijaishika kalamu, Okurut alisukuma
karatasi tupu chini ya mkono wangu, akaangalia pembeni,
vile ninavyofanya mimi, vile vile,
na ukingo wake sambamba na mstari.

Jioni dukani nilifungua daftari la vipimo.
Imalingat: kifua arobaini na mbili, kiuno thelathini na nane,
mabega yameinama kidogo upande wa kushoto.
Chini yake pana nafasi.
Nikaandika kwa penseli, maana wino hutapakaa:

Asekenye. Kigasha, nane.
Kiganja cha kulia, tisini na sita.
Cha kushoto, bado.