Daftari la Ami Muhanna

Ami yangu Muhanna, kule Ibra, ana daftari la jalada la kijani.
Muulize babu wa babu yetu kazikwa wapi, atakuna kidevu.
Muulize Rimu, saluki wake wa rangi ya halua,
atakutajia mama, bibi, mama wa bibi, mpaka saba,
na nani kati yao aliugua nyonga.

Si mchuuzi. Jike kwake huzaa mara mbili basi,
na mwenye moyo mbovu hapandishwi, hata awe mzuri vipi.
Wanunuzi huwahoji kama wachumba:
Una ua? Mkienda Salala, nani atabaki naye?
Kijana mmoja alifika na bahasha nene na gari la kunguruma.
Akanyweshwa kahawa, akalishwa tende,
akarudi kwao bila mbwa.
Na waliopewa aliwaambia: "Mkichoka naye, mlango ni huu huu.
Saa yoyote. Sitauliza kitu."

Mimi nilikuwa nikimcheka.
Ijumaa zangu ni za Barka, kwenye makazi ya mbwa wa wadi,
ninang'oa kupe masikioni kwa kibanio.
Mbwa mia na arubaini, vizimba sabini.
Nikamwambia: Ami, kila mtoto anayezaliwa kwako
ni koko wangu mmoja anayebaki nyuma ya waya.
"Wangu," akasema, "hawafiki kwako."
Akasema hivyo huku anamenya chungwa.

Mwezi wa Machi wazoa taka walituletea jike,
mbavu za kuhesabika, sikio limechanika,
tumbo limeshuka mpaka magotini.
Usiku ule ule akazaa.
Asubuhi tukapitisha kifaa shingoni, kikalia.
Namba ya chipu, halafu namba ya simu.
Ile ya simu sikuhitaji kuisoma mpaka mwisho,
naijua tangu nina miaka sita.

Sikupiga mara moja. Nilikaa kwanza juu ya ndoo.

Alikuja peke yake na pikapu, kichwa wazi, yeye asiyetoka bila kilemba.
Rimu hakuinuka. Alipiga mkia mara moja sakafuni, basi.
Chini yake watoto wanne: mmoja masikio ya mbuzi,
mmoja miguu mifupi kama ya kigoda,
wawili weusi tii.
"Baba yao?"
"Wadi, Ami."

Alichuchumaa kwa muda mrefu.
"Yule mtu wa Sohar niliiona nyumba yake. Nilikunywa maji yake."
"Labda aliona haya kukurudia."
"Nilimwambia sitauliza!"
"Mdomo hauulizi, Ami. Uso wako unauliza."

Daftari lilikuwa chini ya kiti cha gari.
Akaandika tarehe. Akaandika: Mama, Rimu.
Kwenye Baba kalamu ikasimama.
Nje ya uzio mbwa fulani alibweka, sijui yupi, wote hubweka.
Akaandika *wadi*, kwa hati ile ile nzuri
aliyowaandikia wale saba.

"Nipe mimi yule wa masikio ya mbuzi," nikasema.
"Una ua?"
"Ami, unajua nakaa Ghubra, ghorofa ya nne."
"Basi huna mbwa."
Nikacheka. Yeye hakucheka.
Alikuwa anatazama vizimba, safu baada ya safu.
"Na hawa, wakija watu kuwachukua, nani anawahoji?"
"Mimi."
"Unawauliza nini?"

Nikamwambia ukweli: nauliza kama garini kuna nafasi.

Hakunigombeza. Angenigombeza ningepumua.
Akachana karatasi kwenye daftari, yeye,
ambaye hajapata kulichana hata kona,
akailaza juu ya boneti iliyokuwa inawaka jua.
*Kwanza: una ua?*
*Pili: mkisafiri, nani atabaki naye?*
Ya tatu aliiandika, akaifuta, akaiandika tena:
*Ukishindwa, utaona haya kuturudia?*