Haimo Kwenye Orodha

Bożena ameuza duka lake la fundi viatu, hapa Łódź:
cherehani mbili, nyundo, kopo la gundi lililoganda mdomo,
hata kengele ya mlangoni imeandikwa.
Tovuti haimo.

Mnunuzi, Bwana Ziemowit, kanipigia Jumatatu:
"Duka nimelinunua. Nipe nywila."
Nikamwambia subiri.

Mkataba? Hatukuandikiana.
Alinipa zloti mia tisa na soli mpya za buti zangu,
na risiti: *kazi ya tovuti, imelipwa.*
Kazi. Hakusema mali.
Na mali bila daftari
huisha bila habari;
wakili kayasema hayohayo, kwa saa nzima,
kwa bei ya tovuti nyingine.

Msimbo wote niliuandika mimi.
Jina la kikoa nalilipia mimi, kila Machi.
Lakini picha ya mbele ni mkono wa marehemu mumewe,
kidole gumba cheusi kwa rangi ya viatu,
umeshika shazia.

Jana usiku Bożena kaniuliza, sauti chini:
"Na mkono, nao nimeuuza?"

Nimefungua ukurasa. Kishale kinapepesa
juu ya neno *Hamisha*.
Nje theluji inayeyuka.
Buti zangu hazivuji.