Mhesabu Mikono

Jumanne ya kwanza ya Machi,
ukumbi wa shule ya Tilbrook, Vermont,
unanuka viatu vilivyolowa theluji
na kahawa iliyotokota tangu alfajiri.
Kazi yangu ndogo: kuhesabu mikono.
Nilipewa mwaka nilioapa uraia,
labda kwa kuwa sikuwa shemeji wa yeyote.

Mwaka ule Orrin Peaslee alisimama,
kofia mkononi, matope ya zizi hadi magotini.
Serikali, alisema, ni mbuzi.
Ukimwachia kichwa kipenye ua, mwili hufuata,
na kesho utamkuta anatafuna shuka kwenye kamba.
Wakacheka, wakampigia makofi.
Hoja ilikuwa kalvati ya Barabara ya Kinu,
dola elfu thelathini na nane.
Walioitaka, kumi na tisa.
Walioikataa sikuwamaliza;
Bi Ouellette, mwenyekiti, aliniashiria: keti, inatosha.

Nami niseme kweli, nilimpenda Orrin.
Nilikotoka serikali haikujua kubisha hodi.
Ilijua idadi ya kuku wetu
kuliko mama aliyewalisha.
Ilichukua baiskeli ya baba kwa deni
ambalo risiti yake ilikuwa mfukoni mwake,
imekunjwa mara nne.
Kwa hiyo serikali nyembamba,
serikali ya kukaa mbali kama shangazi mwenye mdomo,
ilikuwa kwangu asali.

Kisha Julai moja mto ukaja na magogo.
Kalvati ikaziba.
Barabara ya Kinu ikamegeka kama mkate.
Ng'ombe saba wa Orrin walikwama ng'ambo siku nne,
wakilia, viwele vimewajaa.
Ng'ambo hiyohiyo alikuwa Lorna, mkewe,
na mashine yake ya kupumulia
na jenereta yenye mafuta ya usiku mmoja.
Tulimvusha kwa kamba, juu ya mlango wa banda.
Hakufa.
Nikifika hapa watu husubiri niseme alikufa.
Hakufa. Ila kanisani haimbi tena.

Machi iliyofuata, mikono hamsini na mbili.
Iliyofuata tena, themanini.
Si mto peke yake.
Duka la dawa lilifungwa, zahanati ikafuata,
vijana wakarudi na watoto na kodi ya nyumba isiyolipika.
Dwight Farnham, aliyekuwa akipiga meza kwa ngumi,
aliniambia akiongeza sukari:
Mimi sijabadilika, maji ndiyo yamepanda.

Lakini mwalimu Tamsin,
ambaye mkono wake ulikuwa wa kwanza juu kila hoja,
mwaka huu aliukalia.
Ofisi ya mji imenunua kamera nne za barabarani.
Niliomba daraja, alisema, sikuomba jicho.

Ikaja hoja ya mwisho: daraja la Kinu,
na kodi ya kulilipia.
Mkono wa Orrin ulipanda.
Ulifika sikioni, ukakwama pale
kama wa mtu anayejikuna.
Nilisimama mbele yake na kalamu yangu.
Sheria haina neno kwa mkono wa sikioni.
Lorna alikuwa kando yake, anatazama sakafu.
Nilingoja. Bi Ouellette alikohoa.
Nikaandika moja.

Nje, tukikwangua barafu kwenye vioo vya magari,
hakuniuliza nimeandika nini.
Aliuliza kwetu husemaje juu ya mambo haya.
Nikamwambia: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Akalitafuna neno hilo muda mrefu,
mvuke ukimtoka puani.

Na asipolima?

Unamfukuza, nilisema.

Na akikataa kutoka?

Nikaendelea kukwangua.
Kioo kilikuwa safi zamani.
Nilikuwa naiona baiskeli,
kengele yake ikilia yenyewe
mgambo alipoiburuta kwenye kokoto.