Kikombe cha Pili

Mihula miwili Kemunto aliukataa uji wangu.
Mimi, mpishi wa shule hii ya Kayole,
nikadhani wimbi limeungua;
nikaongeza sukari, nikapunguza ndimu,
nikamnunia.

Kumbe mtoto alikuwa anapiga hesabu:
akinywa saa nne, saa sita choo kinamwita,
na mlango wa choo mwembamba
kuliko kiti chake cha magurudumu,
na ngazi tatu, na wavulana wa kumbeba
huku wakichekelea.
Akachagua kiu mpaka kengele ya jioni.

Bodi ilikutana. Ikakutana tena.
Mwalimu mkuu akasema bajeti, bajeti.
Mwishowe fundi Musyimi akaja na nyundo,
akang'oa fremu, akamwaga zege la mteremko,
akapigilia ukutani chuma cha kushikilia.
Siku mbili tu. Mifuko sita ya saruji.

Leo amejisukuma mwenyewe hadi dirishani pangu,
matope ya mvua kwenye magurudumu,
masharubu ya uji juu ya mdomo:
"Mama Nzilani, naomba uniongeze."

Sufuria ilikuwa imekwisha.
Nikammiminia fungu la mwalimu mkuu.
Yeye na angoje bajeti.