Alhamisi ya Pili

Siku ya kwanza nilifika mikono mitupu,
kama mwalikwa asiyejua ni nani anayeoa.
Barua ya mpango ilisema mlezi na mwanagenzi,
saa moja kila mwezi, Alhamisi ya pili,
nami nikadhani ni saa ya kupakuliwa.
Nikakaa. Nikatabasamu. Nikangoja sahani.

Injinia Zena Bwanaheri alivua miwani,
akaifuta kwa ncha ya mtandio:
"Umekuja na swali gani, Umazi?"
Sikuwa nalo.
"Basi tunywe chai."
Tukanywa chai dakika hamsini na tano,
feni ikizunguka, kalenda ya benki ikipigapiga ukuta,
na iliki ile
hadi leo nikiinusa naona haya.

Mwezi uliofuata nilibeba daftari,
maswali kumi na saba kwa wino wa buluu.
Akayapitia kama mtu anayechambua mchele.
"Haya yamo kwenye kitabu cha pampu; soma.
Haya muulize Kazungu wa stoo, anayajua kunishinda.
Hili nibakishie."
Lilikuwa lile nililotaka kulifuta:
mbona maji yanayotoka Baricho ni mengi
na yanayolipiwa Muyeye ni machache,
hapa katikati nani anakunywa?
Hakucheka. Alitandaza ramani sakafuni,
akavua viatu, akapiga magoti juu ya Malindi,
nami nikapiga magoti upande wa Sabaki.

Tangu hapo niliandika kila kitu.
Aliponitajia kitabu, nilirudi nimekisoma.
Aliposema ripoti yangu imejaa sukari, haina chumvi,
nilikwenda nyumbani, nikalia kidogo,
nikafuta kurasa nne.
Nikaanza kujiona mwema.

Ndipo Machi, Maweni.
Valvu moja kuukuu niliizungusha kushoto
nikidhani naifungua.
Siku mbili mitaa mitatu ilikauka,
madumu yakapanga foleni hadi mlango wa msikiti.
Lawama ikamwangukia Charo, fundi wa zamu,
nami nikainamia kompyuta, shingo imekaza.

Alhamisi ilipofika nilimwandikia mlezi: nina homa.
Nikafuta. Nikaandika: tumefiwa.
Nikafuta, maana bibi yangu alikuwa mbele yangu,
mzima wa afya, anamenya mihogo,
na yeye ndiye aliyenilea kwa neno moja,
mficha uchi hazai.
Nikavaa viatu.

Nilisema yote, haraka, nikiitazama kalenda.
Nilitaraji anisute, au anitetee.
"Charo umemwambia?"
"Bado."
Akalifunga daftari langu.
"Zimebaki dakika arobaini. Mpelekee yeye."

Charo hakunipa mkono.
Alinisikiliza wima, spana kiganjani,
kisha akatangulia kimya hadi kwenye lile shimo.
Tukainama wawili, tope hadi viwikoni.
"Hii inafungwa kinyume," akasema.
"Kila mtu anajua. Hukuuliza."
Nikatoa daftari.
Akangoja nimalize kuandika.

Novemba walitupa vyeti na keki.
Desemba, Alhamisi ya pili, saa nne kamili,
nilijikuta nimevaa, kalamu mkononi,
sina pa kwenda.
Simu ikalia. Ujumbe wake:
"Umazi, hizi mita mpya za kusomwa kwa simu
zimenishinda. Nifundishe."
Nikaandika: Uje na swali.
Nikafuta.
Nikaandika: Nabandika chai.